Tulivyotoa Klachi ya Ombati

Bahati na Kiprono, gereji sasa ni yenu, na mgongo wangu umeshukuru kabla yangu. Mliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa tangu mwanzo, kwa sababu kila nikianza kuwasimulia mteja huingia na hadithi hukatika. Basi nimekaa jikoni, Mama Wakesho ameniwekea chai, na nitaandika mpaka mkono uchoke. Msitarajie habari za nani alipandishwa cheo wala nani alilipwa vipi. Hizo hazimsaidii mtu kufungua boliti iliyoshikwa na kutu.

Nilianza Voi, katika gereji ya malori kando ya barabara kuu, pale magari yaliyochoka kupanda kutoka pwani yalipokuja kukata roho. Siku yangu ya kwanza niliambiwa nioshe gia boksi kwa mafuta ya taa. Niliiosha nje mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi, nikasimama kando nikisubiri sifa. Fundi mkuu akaifungua, akanionyesha tope lililojaa ndani, akaniuliza kama kwetu sahani huoshwa upande wa chini peke yake. Wenzangu walicheka wiki nzima. Tangu siku hiyo nikiona kitu kinang'aa nje, huwa nina hamu ya kukifungua.

Pale Voi ndipo nilipojifunza jinsi klachi inavyonuka ikiungua na jinsi difu, ile yenye gia za ekseli ya nyuma, inavyolia meno yake yakiisha. Nilijifunza pia desturi ambayo mnaijua, lakini nataka niiandike kwa sababu ndiyo iliyoniongoza maisha yangu yote ya kazi. Kwetu mwenye gari hamwachi fundi peke yake. Dereva wa lori alikaa juu ya tairi kuukuu kutwa nzima, gazeti mkononi, lakini macho yake yalikuwa kwenye mikono yetu. Gari likiachwa peke yake, betri nzuri huota miguu. Na ukibadilisha kifaa, kile cha zamani unampa mwenyewe mkononi, akigeuzegeuze, aridhike kwamba kweli kimetoka kwenye gari lake. Sisi tulinung'unika kwamba hatuaminiwi. Ukweli ni kwamba kulikuwa na wenzetu waliokuwa wamewapa watu sababu nzuri ya kutotuamini.

Nilipofika Houston nilikaa Sharpstown, kwenye fleti ambayo Wakenya walikuwa wakipokezana vitanda kufuata zamu za kazi. Nikapata kazi katika gereji ya gia boksi tu, hawagusi kitu kingine. Asubuhi ya kwanza akaja mteja, akaweka funguo kwenye kaunta, akaingia gari la rafiki yake na kuondoka kabla hatujafungua hata boneti. Nilimkimbilia mpaka barabarani nikimpungia mikono, maana nilidhani amesahau gari. Waliokuwa ndani ya gereji walivunjika mbavu kwa kicheko. Mimi nilirudi nikiwa na aibu, na siku nzima nililitazama gari lile kwa huruma, likiwa peke yake mbele ya watu wasiolijua.

Aliyenifundisha kazi pale alikuwa mzee wa kutoka El Salvador aitwaye Efraini. Yeye alikuwa na Kihispania, mimi nilikuwa na Kiswahili, na Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuombea maji. Kwa hiyo alinifundisha kwa mikono. Alitandaza boksi la karatasi mezani na kupanga kila kifaa kwa mpangilio ule ule kilivyotoka, kutoka kushoto kwenda kulia, na ole wako ukipitisha kiwiko juu yake. Alizilowesha sahani za klachi za ndani kwenye mafuta kabla ya kuzirudisha, na ukimharakisha alikuwa akienda kula kwanza.

Jambo kubwa alilonipa ni konveta. Mnajua, ni ule mtungi wa chuma unaokaa kati ya injini na gia boksi ya otomatiki, ukifanya kazi ambayo klachi ingefanya. Efraini alinishika kiganja, akakiweka juu yake, akaanza kuizungusha taratibu. Ikazama kidogo na kugonga. Akazungusha tena, ikazama, ikagonga. Akazungusha tena, nayo ikazama mara ya tatu, ikagonga na kutulia. Akaniinulia kidole usoni. Ukikaza boliti kabla ya kusikia imegonga mara ya tatu, pampu ya mafuta inapasuka na kazi yako yote inaenda na maji. Nilimpenda sana mzee yule, na sikuwahi kupata maneno ya kumwambia kwa lugha yoyote.

Tulihamia Haltom City Mama Wakesho alipopata kazi hospitali ya Fort Worth. Nyumba ilikuwa na gereji ya magari mawili, na mimi nilipoiona sakafu yake ya saruji nilisahau kuuliza ina vyumba vingapi vya kulala. Wateja walianza kuja bila tangazo. Walikuja manesi wa Kenya na magari yao madogo, walikuja Wakongo wanaofanya kazi kwenye maghala, na pole pole wakaanza kuja Wamarekani wenye yale magari ya zamani ya milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda nane, yanayotetemesha vikombe kabatini yakipita. Hayo ndiyo niliyoyapenda. Chini yake mtu unaweza kuona kila kitu, tangu injini mpaka difu, na hakuna kompyuta ya kubishana nayo.

Lakini watu wetu hawakuondoka. Mtu analeta gari saa mbili asubuhi, na saa nane bado yuko, amesimama mlangoni akinikodolea macho. Niliumia. Nimeokoka, mashemasi wananijua, na bado mtu ananitazama kama mwizi wa kuku! Mama Wakesho ndiye aliyelimaliza. Alinunua viti vya plastiki, akaweka chupa ya chai, akaniambia kama hawaondoki basi wakae vizuri. Na walipokaa nikagundua kwamba mwenye gari akikaa anasema. Anakwambia mlio ulianza lini, nani alilikopa, alipiga shimo gani akanyamaza. Nikaifanya kuwa sheria ya gereji: gari haliguswi bila mwenyewe. Binti yangu Wakesho, ambaye humjibu mtu yeyote kwa Kiingereza hata akiulizwa kwa Kitaita, alinitazama tu akasema, "Dad, nobody has time for that." Hata hivyo Wamarekani wenye magari ya zamani waliipenda kuliko wote. Mmoja aliniambia maisha yake yote amekuwa akikaa chumba cha kusubiri, akilitazama gari lake kupitia kioo.

Bahati, wewe ulikuja na gari lako la mizigo, ukakaa. Siku ya pili ukaanza kunipa spana kabla sijaiomba, na ukaniambia, "Kwetu Uvira ni vile vile, Muzee. Mwenye motokari anaikala tu pale mpaka unamaliza." Nilijua hapo hapo kwamba nimepata mwenzangu wa kazi.

Kiprono, wewe hukuwepo wakati wa Ombati, kwa hiyo hapa nitakwenda taratibu. Ombati alikuwa Mkisii aliyeendesha malori makubwa kati ya Dallas, Houston na kokote lami inakofika. Likizo zake zote alizimalizia kwenye gari moja la rangi ya chungwa, la miaka ya sabini mwanzoni, gia nne za mkono, ambalo alilinunua likiwa gofu. Alilijenga mwenyewe. Sauti yake tuliijua mtaa mzima, na mimi nililionea wivu kidogo, nisiseme uongo. Kisha akapata kiharusi. Alipona kichwa, ulimi na upande wa kulia. Mkono wa kushoto ulibaki mzito, na mguu wa kushoto ulikuwa wa kuburuta.

Mke wake ni Moraa, nesi wa zamu ya usiku. Asubuhi moja lori la kukokota lilisimama mbele ya nyumba yangu na lile gari la chungwa mgongoni, naye Moraa akashuka kwenye gari lake nyuma, bado amevaa sare ya kazi.

"Baba Wakesho, nataka uitoe hiyo clutch, uweke automatic," alisema kabla hata ya salamu. "Ombati ako Houston kwa dada yake wiki hii. Akirudi apate imeisha."

"Yeye mwenyewe amesema hivyo?"

"Angekuwa amesema, ningeileta wakati hayuko?"

Nilimpa kiti. Akanieleza. Hospitali ilikuwa imempeleka Ombati kwa mtu wa kuwapima madereva waliougua, akaendesha gari la otomatiki lenye kitasa cha kuzungushia usukani kwa mkono wa kulia tu, akapita. Ruhusa anayo mfukoni. Lakini hataki kuligusa gari la mkewe. Anasema hilo ni la kubebea mboga za harambee ya kanisa. Na la kwake hawezi kuliendesha, kwa sababu klachi inataka mguu wa kushoto. Kwa hiyo anakaa kwenye kiti sebuleni, kutwa.

"Ananiangalia nikienda job, ananiangalia nikirudi," alisema Moraa. "Haongei. Ni mwaka sasa. Nikitoka huko nimeinua wagonjwa usiku mzima, nakuja nampeleka therapy, nampeleka clinic, nampeleka church, halafu nalala kama masaa mawili hivi. Na hiyo yote si kitu, Baba Wakesho. Mimi nimezoea kuchoka. Lakini bwanangu anakufa akiwa ameketi, na mimi ndio naona."

Moyo wangu ulikuwa umeshakubali. Mdomo ndio uliokataa. Nilimwambia sitoi klachi ya mtu akiwa Houston. Mtu aliyeamka siku moja akakuta nusu ya mwili wake imechukuliwa bila kuulizwa, sasa nimchukulie na gari? Nikamwambia amlete, akae, anione nikifungua kila boliti.

Moraa alisimama. "Basi kaa na sheria zako," alisema, akaondoka. Gari akaliacha.

Hakuna aliyeniunga mkono. Bahati alisema, "Muzee, tungetumika tu hii kazi. Ule mama anateseka." Mama Wakesho aliniletea chai ya jioni imepoa, na mwenye kuoa anajua maana yake. Nililizunguka gari lile siku nzima nikijiuliza kama ni msimamo au ni ukaidi tu wa kizee. Sikulala vizuri.

Jumamosi, Ombati aliporudi kutoka Houston, Moraa alimleta. Ombati alishuka pole pole, fimbo mkononi, akalitazama gari lake juu ya stendi zangu, kisha akanitazama mimi kutoka utosini mpaka unyayoni.

"Nasikia kuna mtu hapa anataka kuhasi gari yangu," alisema.

"Karibu kiti," nikamjibu.

"Hakuna mtu atagusa hiyo clutch, Mwakio. Umenisikia?"

"Nimesikia. Tutaanzia nyuma."

Nami sikuwa nimemdanganya. Gari lililokaa mwaka mzima lina kazi nyingi ambazo hazina ubishi. Difu ilikuwa inavuja, krosi, vile viungo vya shafti ya propela, zilikuwa zimekauka, na mpira unaoshikilia gia boksi ulikuwa umekufa. Tuliingia chini, mimi na Bahati, tukaanza kwenye magurudumu ya nyuma. Kila kilichotoka nilikwenda nikampa Ombati kwenye mkono wake mzima. Mara ya kwanza alikishika kama mtu aliyepewa panya aliyekufa. Kilikuwa sili ya difu, ya kuzuia mafuta yasivuje, imechanika upande mmoja. Akaigeuza, akainusa, akasema, "Hii mimi ndio niliweka. Niliiweka vibaya." Nilipomsimulia Moraa baadaye, aliniambia hayo ni maneno mengi kuliko yote aliyoyasikia kwake mwezi huo.

Akarudi Jumatatu. Akarudi Jumanne. Moraa akitoka zamu alimshusha, akamwachia viazi vya kuchemsha kwenye bakuli, akaenda nyumbani kulala. Uso wa Moraa ulianza kupata rangi. Siku moja nilimwambia kazi inaweza kwenda haraka zaidi kidogo, akaniambia, "Aki usiharakishe, Baba Wakesho. Wacha akae huko, mimi nilale." Kwa hiyo hatukuharakisha. Ombati alianza kwa kunung'unika, akafika kwenye kukosoa, na mwishoni alikuwa anatoa amri. Alimfundisha Bahati kusikiliza difu kwa fimbo, ncha moja kwenye chuma na nyingine sikioni. Alibishana nami kuhusu pengo la meno ya difu mpaka Mama Wakesho akafunga dirisha la jikoni. Na mimi nilikuwa na furaha kubwa, kwa sababu hakuna kitu kitamu kama kubishana na mtu anayeijua kazi.

Hapa niwaambie namna tulivyokuwa tunafanya kazi, kwa sababu ni njia ninayotaka muishike. Nguvu ya injini inasafiri kutoka mbele kwenda nyuma: klachi, gia boksi, propela, difu, magurudumu. Sisi tulikuwa tunatembea kinyume. Tulimaliza magurudumu, tukaja difu, tukaja propela na krosi zake. Kila wiki tulikuwa tumesogea mbele kidogo, na sote watatu tuliijua njia inaishia wapi. Ombati aliijua kuliko sisi. Sikumsukuma hata kwa neno moja.

Ikafika asubuhi ambayo hakuna kilichobaki nyuma. Nilifuta mikono, nikajimiminia chai. Bahati akaanza kupanga spana zilizokuwa zimepangwa tayari. Ombati akasema, "Nishusheni hiyo gari. Nataka kukaa ndani."

Tulilishusha. Tukamsaidia kuingia upande wa dereva. Akashika usukani kwa mkono wa kulia, akatazama mbele kwenye ukuta wangu wenye rafu za rangi kana kwamba ni barabara ya kwenda Houston. Kisha akainama, akaushika mguu wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, chini ya goti, akaubeba, akauweka juu ya pedali ya klachi. Akasukuma. Mguu ukateleza ukaanguka. Akaubeba tena, akauweka, akausukuma kwa mkono kutoka juu ya goti. Pedali ilishuka kidogo, ikamrudishia mguu wake. Sikuweza kutazama. Nilijitia kutafuta kitu kwenye sanduku, na Bahati alikuwa ameshatoka nje. Nilimsikia akijaribu mara nyingine tena, pumzi ikimtoka.

"Mwakio," aliniita.

"Nipo."

"Hii spring ni ngumu. Niliichagua mimi mwenyewe. Nilitaka ngumu." Akaubeba mguu, akaurudisha sakafuni. "Toa."

"Una hakika?"

"Nimesema toa, kabla sijabadilisha mawazo."

Siku hiyo nilianza na pedali, ingawa fundi yeyote mwenye akili angeanza na gia boksi. Nililala chali chini ya dashibodi, nikafungua pini, nikaitoa pamoja na mkono wake wa chuma, nikaifuta mafuta, nikampa. Mpira wake ulikuwa umelika upande mmoja, pale kiatu chake kilipokuwa kikikanyaga miaka yote. Ombati alipitisha kidole gumba pale palipolika. Alilia, tena alilia kwa sauti, na mimi nililia naye, mtu mzima nimeshika spana. Bahati aliporudi alituangalia, akatuwekea chai, akasema tu, "Pole, ba papa." Ilitosha.

Baada ya hapo kazi ilikimbia. Tulishusha gia boksi ya mkono, na Bahati akiwa ameikumbatia kifuani akapiga kelele, "Muzee, hii boîte iko muzito, inaniua!" Ombati akamjibu kwamba hivyo ndivyo gia boksi za wanaume zilivyo. Tulitoa klachi, tukatoa gurudumu zito la nyuma ya injini, tukaweka sahani nyembamba mahali pake. Tulivuta mabomba ya kupoza mafuta mpaka kwenye rejeta. Propela ilikuwa ndefu mno kwa gia boksi mpya, tukaipeleka ikakatwe na kusawazishwa. Msijaribu kusawazisha propela wenyewe, hata mkijiona mabingwa. Ikipotoka kidogo tu, gari zima litatetemeka na meno ya abiria pia.

Siku ya kupandisha otomatiki, mimi nilikuwa chini na konveta, na Bahati kwenye jeki. Nikazungusha, ikagonga. Nikazungusha, ikagonga tena. Nikazungusha mara nyingi baada ya hapo na haikuzama zaidi. Mgongo uliniuma, jasho liliniingia machoni, na nikaanza kujishawishi kwamba labda imekaa, labda nilisikia vibaya. Nikamwambia Bahati anipe boliti.

"Bado," alisema Ombati kutoka kitini. "Imegonga mbili."

"Wewe unajua nini kuhusu otomatiki?"

"Sijui kitu. Lakini wewe kila siku unahubiri ni tatu, na mimi nimekaa hapa nikihesabu."

Nilivuta pumzi, nikaizungusha upande wa pili, nikiisukuma kwa kiganja. Ikazama, ikagonga, ikatulia. Hakuna aliyeshangilia zaidi ya Ombati. Alipiga fimbo sakafuni mpaka mbwa wa jirani akabweka. Nilipotoka chini niliona kwamba mtu aliyekuwa analinda gari lake nisiliharibu sasa alikuwa analinda kazi yangu, na sijui kama kuna heshima nyingine ambayo fundi anaweza kupewa.

Tuliweka kitasa kwenye usukani, tukaweka pedali ya breki pana. Siku ya kulijaribu nilivua viatu, kama kawaida yangu. Mnajua sababu: mtetemo wa magurudumu ya mbele unakuja mikononi, wa nyuma unakuja makalioni, na wa propela unapanda kupitia sakafu mpaka nyayo. Viatu vinaficha. Ombati aliendesha, mimi nikakaa pembeni peku. Tulizunguka mitaa ya Haltom City taratibu, halafu akaingia barabara kubwa, akakanyaga. Gari lilinguruma vile vile lilivyokuwa likinguruma siku zote. Sakafu ilitulia. Nilimtazama uso nikitarajia nimwone akicheka, lakini alikuwa amekunja ndita.

"Inabadilisha gia kabla sijafikiria," alilalamika. "Mimi nafanya nini sasa?"

"Endesha."

"Ni kama kutafuniwa chakula."

Alilichukua gari, akanishukuru kwa maneno machache, akaenda. Moraa alinipigia baada ya siku chache. Aliniambia gari liko kwenye gereji, limefunikwa turubai, na Ombati amerudi kwenye kiti chake cha sebuleni. Hakunilaumu, na hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi. Nilijiona mzee mpumbavu aliyemvua mtu kitu cha mwisho alichokuwa nacho, tena kwa utaratibu mzuri. Unakumbuka nilivyokuwa mkali majuma yale, Bahati. Halikuwa kosa lako wala la yale magari.

Kisha ikaja asubuhi moja, jua ndiyo linapanda, nimesimama nje na kikombe nikimsubiri mteja. Nililisikia kabla ya kuliona. Gari la chungwa lilikata kona pole pole mno, kama linabeba mayai, likaingia kwenye njia ya nyumba yangu. Nikaenda upande wa dereva nikiwa na maswali kumi. Ombati alishusha kioo, akaweka kidole mdomoni.

"Ongea polepole," alisema. "Amelala."

Nikainama nikatazama. Moraa alikuwa kiti cha abiria, kitambulisho cha kazi bado kinaning'inia shingoni, viatu amevua, mdomo wazi, amelala fofofo. Silinda nane zilikuwa zinanguruma mbele ya magoti yake na hazikumhusu.

"Alinipigia simu akasema amechoka sana, anaogopa kuendesha," Ombati alininong'oneza. "Nikaenda kumchukua. Hatujafika hata taa ya pili, akazima. Nimezunguka Fort Worth yote, Mwakio. Nikifika nyumbani nikizima engine ataamka, na akiamka ataanza kupika. Petroli inaisha. Niambie, hii gearbox yako itaumia nikikaa nayo hivi, nikienda pole pole tu, bila kusimama?"

Nikamwambia haitaumia. Nikaleta debe la petroli la mashine ya kukata nyasi, nikalimimina lote kwenye tangi kwa kuliinamisha kidogo kidogo lisipige kelele. Ombati alikuwa akimtazama mkewe muda wote, na uso wake ulikuwa uso wa mtu mwenye kazi.

"Ingekuwa ile clutch yangu," alisema, "ningekuwa nimemwamsha kwa gia ya kwanza."

Akaivuta gia kwa mkono wa kulia, akarudisha mkono kwenye kitasa cha usukani, na gari likarudi nyuma mpaka barabarani bila kushtuka hata kidogo.